Usiku ambao mkanda haukuondoka Memphis

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitazama video ya zamani ya mieleka kwenye simu ya mama yake, akaniuliza kama yule mtangazaji mwenye taji, anayepayuka kila mtu anapoanguka, aliwahi kupigana yeye mwenyewe au kazi yake siku zote ilikuwa kupayuka tu. Nilicheka hadi mama yake akadhani nimepaliwa na chai.

Jerry Lawler kupigana! Sisi tuliokuwa Memphis, Marekani, katika miaka ya 1980 tulimwita Mfalme bila kutabasamu. Alizaliwa pale pale mwaka 1949, akiwa kijana akawa anawachora wanamieleka na kuipelekea televisheni ya mji michoro yake, ambayo mtangazaji Lance Russell aliionyesha hewani. Kwa njia hiyo Jackie Fargo, aliyekuwa ndiye mfalme wa wakati huo, akamtambua na kumsaidia kuingia ulingoni. Mwaka 1974 mwanafunzi alimshinda mwalimu wake na kutwaa ubingwa wa Kusini, na tangu hapo jina la Mfalme likawa lake. Ukivuka mipaka ya eneo lake, hata hivyo, ungeweza kukutana na mpenzi mkubwa wa mieleka asiyemfahamu.

Ndivyo mambo yalivyopangwa. Tangu mwaka 1948, mapromota, yaani waandaaji wa mieleka, walipokutana Waterloo, Iowa, Marekani ilikuwa imegawanywa katika maeneo, na kila eneo lilikuwa na bosi wake, televisheni yake na mashujaa wake, na ilikuwa mwiko kuingia katika himaya ya mwenzako. Mwanamieleka wa eneo letu alipigana Memphis Jumatatu, Louisville Jumanne na Evansville Jumatano, akisafiri usiku kwa gari lake mwenyewe, na Jumamosi asubuhi alitakiwa kuwa studioni Memphis, mchangamfu, akiwatukana wapinzani wake kwa ufasaha. Bingwa wa dunia alipita mara chache tu, mfano wa mkaguzi wa shule: watu walivaa vizuri, walihaha, naye akaondoka na begi lake kama alivyokuja. Shujaa wa mahali alimpiga bingwa vibaya sana, kisha palitokea jambo. Ama mtu wa tatu aliruka ulingoni, ama mwamuzi alisimamisha pambano kwa kosa fulani, na kwa kuwa kanuni ilisema mkanda wa ubingwa haubadilishi mikono kwa ushindi wa namna hiyo, shujaa alibaki na heshima, bingwa akabaki na mkanda, na tiketi za safari ijayo zikawa zimeshajiuza.

Mzee wangu wa Orange Mound, mtaa wa watu weusi mjini Memphis, yule aliyenipangisha chumba cha nyuma nilipokuwa nasoma, aliijua kanuni hii kuliko alivyozijua sheria za barabarani. Alianza kwenda kwenye mieleka katika miaka ya 1950, Ellis Auditorium, wakati watu weusi walisongamana kwenye roshani ya juu na viti vya chini viliwekewa wazungu hata vilipokuwa vitupu. Hadithi aliyoirudia zaidi ilikuwa ya Sputnik Monroe, mwanamieleka mzungu mwenye maringo na doa jeupe kwenye nywele, aliyekwenda kunywa na watu weusi Beale Street, mtaa wao wa starehe, akakamatwa na polisi kwa hilo, akarudi tena. Mashabiki weusi walipokuwa wengi kiasi kwamba roshani haikuwatosha, Monroe alishikilia kwamba hapigani mpaka wafunguliwe viti vya chini, nao wakafunguliwa. Mzee hakumfanya mtakatifu. “Alijua kuhesabu pesa, mwanangu,” alisema, “lakini wengine pia walijua kuhesabu na hawakufungua mlango.”

Tarehe 9 Mei 1988, Jumatatu, tulikwenda Mid-South Coliseum kumtazama Lawler akimkabili Curt Hennig, bingwa wa dunia wa AWA, chama kilichokuwa na makao yake Minneapolis. Lawler alikuwa na miaka 38 na alikuwa ameukosa mkanda wa dunia kwa kila namna ambayo binadamu anaweza kukosa kitu. Njiani Mzee alinitabiria kila kitu: Mfalme atampiga, kengele italia, mkanda utaondoka. Aliyasema hayo kwa utulivu kabisa, huku amevaa kofia yake ya kanisani.

Sehemu kubwa ya pambano imenitoka akilini. Ninachokiona bado ni Hennig, mtoto wa mwanamieleka, mwenye nywele za dhahabu zilizojikunja, akimpiga kwa unadhifu wa kuudhi, na Lawler akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kona. Kisha ngumi moja ikampata usoni naye hakuyumba. Ikaja nyingine, na bado hakuyumba. Ukumbi mzima ulianza kusimama kabla hajafanya lolote, kwa kuwa kila aliyekulia mji ule alijua kinachofuata: alinyanyua mkono polepole, akashika kamba ya begani ya vazi lake, akaivuta chini, ishara yake kwamba sasa anaanza kurudisha mapigo. Basi, ni hilo tu, mwanaume mnene kiasi anashusha kamba ya nguo. Lakini kelele iliyopanda kutoka chini ya viti niliisikia miguuni kabla ya masikioni, na nilipogeuka nilimwona Mzee, aliyekuwa amenitabiria kila kitu, amepanda juu ya kiti, kofia iko mkononi, anapiga ngumi hewani kwa mpigo ule ule wa Lawler. Mwamuzi alipopiga sakafu mara ya tatu, ishara ya ushindi, Mzee aliendelea kuitazama kengele, akisubiri itangazwe kasoro. Haikutangazwa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Desemba mwaka huo Lawler alipambana na Kerry Von Erich huko Chicago, na kufikia mapema mwaka 1989 alikuwa amenyang'anywa mkanda kwa sababu ya ugomvi wa malipo. AWA yenyewe haikudumu. Promota Vince McMahon wa New York alikuwa ameivuka mipaka yote ya zamani, na hatimaye Lawler naye alikwenda kwake, ambako dunia ilimjua kama mtangazaji. Septemba 2012, huko Montreal, moyo wake ulisimama akiwa anatangaza, usiku ambao alikuwa ametoka kupigana. Aliponea chupuchupu.

Lakini Hennig alikuwa amemtangulia kwa McMahon, miezi michache tu baada ya Mei ile. Hapo nilipata shaka, na kwa kiburi cha mwanafunzi nilimweleza Mzee hesabu yangu: bingwa alikuwa anahama, wenye chama, ambao ndio waliopanga nani ashinde, walihitaji kumvua mkanda kabla hajaondoka, kwa hiyo ulibaki Memphis kwa sababu za kiofisi wala si kwa sababu ya ngumi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akimenya karanga za kuchemsha.

“Sawa,” alisema. “Na walipotafuta mtu wa kumpa, walimpa nani?”

Nilimjibu kwamba hilo halikuwa swali. Alisema ndilo swali lenyewe, na tulibishana hadi karanga zikaisha.