Gari langu la turbo lilivyoacha kuchemsha

Kwa msimu mzima wa Kaskazi niliendesha gari langu jicho moja likiwa barabarani na jingine kwenye geji ya joto. Ni Subaru Impreza WRX, injini ya lita 2 yenye turbo, niliyoinunua kwa shemeji yangu wa Mombasa baada ya yeye kuitumia miaka minne. Niseme mapema kwamba kosa nitakalolieleza si la waliolitengeneza gari hili, bali ni letu sisi tuliolitunza, shemeji kwanza kisha mimi.

Lilinichemkia mara ya kwanza nikitoka Malindi kwenda Mombasa, saa saba mchana, nikiwa nimeshaipita Gede na ninaikaribia Matsangoni. Geji iliyokuwa imetulia katikati tangu nyumbani ilipanda ghafla hadi kwenye alama nyekundu, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke ukaanza kutoka kwenye tundu la boneti linalopitisha hewa ya intakula, kifaa kinachopoza hewa itokayo kwenye turbo. Niliegesha chini ya mwarobaini, nikangoja kama dakika arubaini injini ipoe, kisha nikaomba maji kwenye boma lililokuwa karibu. Wenyewe walinitekea kisimani kwa ukarimu, nami nikajaza rejeta na kuendelea na safari polepole. Tangu siku hiyo sikutoka tena bila jerikeni ya maji ya kisima kwenye buti, na nilijiona mtu mwenye tahadhari.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliitoa thamostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata joto, akasema nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha watu wa baridi. Wengi wetu tumeyasikia maneno haya, na wengi tumeyakubali. Matokeo yake ni kwamba gari lilichelewa kupata joto lake asubuhi, likawa linakunywa petroli kuliko zamani kwa sababu kompyuta ya injini ilidhani bado ni baridi, na kwenye barabara kuu likaendelea kuchemsha vilevile. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba thamostati katika injini nyingi za namna hii hufanya kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, papo hapo huibana njia ya mkato inayoyarudisha maji moto ndani ya injini. Ukiitoa, njia zote mbili hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kuonana na rejeta kabisa.

Fundi wa pili aliyasikiliza maelezo yangu akiwa amesimama mlangoni, akanihukumia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, akanitajia bei. Sikulala vizuri usiku ule. Katika injini hii silinda zimelala pande mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo hedi ni mbili, gasketi ni mbili, na mafundi wengi hupendelea kuishusha injini nzima ndipo wazifikie.

Aliyenitoa kwenye shaka ni mzee mmoja anayetengeneza magari chini ya mwembe hapa mjini, ambaye sote twamwita ami. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajaugusa mkono wa boneti akaniuliza, “Lachemka likiwa limesimama au likiwa mbio?”

“Likiwa mbio, ami.”

“Na ukipunguza mwendo?”

“Geji hushuka yenyewe.”

“Basi usinunue gasketi bado, mwanangu.”

Alinifafanulia kwamba gari linalochemsha likiwa limesimama au kwenye foleni huwa na tatizo la feni, kwa sababu hapo hakuna upepo mwingine. Linalochemsha kwenye mwendo mkubwa feni hazina lawama, kwani upepo wa barabara unatosha. Hapo hutazamwa rejeta, pampu ya maji, na kama hewa yapita inakotakiwa. Kwenye gari la turbo tofauti hii ni kubwa zaidi. Turbo inaposukuma hewa, injini huchoma hewa na petroli nyingi kuliko ukubwa wake, na joto linalopaswa kutolewa huongezeka kwa kiasi hicho. Mjini, kwa kilomita 40 kwa saa, hata rejeta iliyoziba nusu huweza kazi yake; kwenye kilomita 110, ukikanyaga mafuta kulipita lori, upungufu wake hujitokeza ndani ya dakika chache. Nilimwambia pia kwamba gari huchemsha zaidi nikienda Mombasa kuliko nikirudi. Alicheka, akaniuliza Kaskazi yavuma kutoka wapi. Ukielekea Mombasa upepo uko mgongoni mwako, na hewa inayoingia usoni mwa gari hupungua. Mabaharia wa hapa wangelijua hilo bila kuulizwa. Mimi nilikuwa sijalifikiria.

Hata hivyo hakuipuuza gasketi. Alikuwa na kichupa chenye dawa ya buluu ambacho huwekwa juu ya mdomo wa kujazia maji, hewa iliyo juu ya maji ikavutwa ipite ndani yake injini ikiwa inanguruma. Moshi wa mwako ukiwa unavuja kuingia kwenye maji, dawa hugeuka manjano. Tuliitazama kwa dakika kumi, ikabaki buluu.

Kisha alinitaka nimletee tarakimu. Geji ya kwenye dashibodi, alisema, imetengenezwa isimtie dereva wasiwasi: hutulia katikati wakati joto halisi linapanda na kushuka, na ikianza kusogea mambo yameshaharibika. Nikanunua skana ndogo inayochomekwa chini ya usukani na kutuma vipimo kwenye simu. Lakini kwanza tulirudisha thamostati mpya, na hii ami hakuiamini mpaka aijaribu. Tuliininginiza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la makaa, kipimajoto kikiwa pembeni yake, isiguse chini. Maji yalipofika nyuzi 78 ukaonekana mwanga mwembamba kama ukucha pembeni mwa kisahani chake. Yalipofika 91 ilikuwa imefunguka yote. Ndivyo inavyotakiwa, kwani aina hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80.

Kwa wiki moja niliandika vipimo kwenye daftari. Mjini nyuzi 90, mara nyingine 92. Barabara kuu kwa kilomita 80 kwa saa, 96. Kwa kilomita 100, 103. Siku moja nilifikisha kilomita 110 baada ya Msabaha, simu ikasoma nyuzi 109 na bado inapanda, nikaachia mafuta. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 hapa pwani. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko, na kifuniko kilicho kizima cha bar 1.1 huisogeza nukta hiyo hadi kupita nyuzi 120. Changu kilikuwa na mpira uliopasuka, kwa hiyo akiba hiyo sikuwa nayo.

Siku ya kufungua, ami alichukua mita ya umeme, akagusisha waya mmoja kwenye hasi ya betri na wa pili akautumbukiza ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma. Mita ikasoma volti 0.6. Yeye hupata wasiwasi ikizidi 0.3. Maji yenye chumvi hupitisha umeme, na penye alumini, chuma na shaba pamoja, hugeuka kuwa kama betri dhaifu inayoila alumini taratibu. Tulipofungua bomba la chini yakatoka maji ya rangi ya mchuzi wa ukwaju, na nyuma yake chembe nyeupe kama chokaa. Hapo nilizikumbuka zile jerikeni zangu, na visima vyote nilivyochotewa kati ya hapa na Kilifi. Shemeji naye, nilipompigia simu, alikiri kwamba kwa miaka minne hakuwahi kununua kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, kwa kuwa Mombasa hakuna barafu. Barafu ni kazi moja tu ya kulanti. Kubwa zaidi kwetu ni kuzuia kutu.

Kabla ya kuyamwaga maji hayo tulikuwa tumeipima rejeta yenyewe kwa kipimajoto cha mwanga. Upande yanakoingilia maji palikuwa na nyuzi 90, lakini safu za katikati kuelekea chini zilikuwa kwenye 50, maana yake maji hayapiti humo. Kwa nje mambo yalikuwa mabaya vilevile. Mapezi yake ya alumini, yaliyopulizwa na hewa ya bahari miaka yote hiyo, yalivunjika kwa ncha ya kidole kama magamba ya samaki aliyekauka. Kati yake na kondensa ya kiyoyozi palikuwa na tandiko la nyasi, mchanga na mbawa za wadudu ambalo halionekani mpaka uzitenganishe. Sponji za pembeni, zinazoilazimisha hewa ipite ndani ya rejeta badala ya kuizunguka, zilikuwa zimeoza, na sahani ya plastiki ya chini ya injini haikuwapo.

Rejeta tuliinunua mpya, kwa sababu ile haikuwa ya kuzibuliwa. Injini na kipasha joto cha ndani tulivisukuma kwa maji ya bomba mpaka yakatoka meupe. Kwa zile sponji mimi nilipendekeza tukate ndara kuukuu. Ami akakataa akisema zitalainika kwa joto, akatumia mpira wa mlango wa gari bovu.

Kujaza maji ndiko kulikochukua muda kuliko nilivyotazamia. Injini hii ina sehemu mbili za kufungulia, moja kwenye rejeta na nyingine kwenye kitangi kilicho juu karibu na turbo, na vifuniko vyake havifai kubadilishana. Miaka yote tulikuwa tukijaza kwenye rejeta, hewa ikibaki juu, mahali hasa penye joto kali. Safari hii tuliinua pua ya gari, tukafungua kijiskrubu cha kutolea hewa kwenye kona ya rejeta, tukamimina kupitia kitangi cha juu, taratibu, huku nikiminya mipira kwa mkono na kusikia mapovu yakipanda. Mchanganyiko ulikuwa takriban lita 7, kulanti asilimia 40 na iliyobaki maji safi ya kuongezea betri, ambayo mnunuzi ahakikishe si asidi. Hatukuzidisha kulanti kwa kuwa maji hubeba joto vizuri kuliko hiyo. Kisha injini ikaachwa ingurume, kipasha joto kikiwa wazi chote, sisi tukitoka jasho, mpaka feni zikawaka na kuzima mara mbili. Ilipopoa ikanywa nusu lita nyingine.

Jumapili iliyofuata nilirudia njia ileile, saa ileile, upepo uleule mgongoni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kwa kilomita 110 kwa saa simu ilisoma 95. Nililipita lori kabla ya Matsangoni, ikafika 97, ikarudi. Kwenye foleni ya Mtwapa hufika 98 kabla feni hazijaishusha, na hapo nimepaacha. Nikifika baada ya mwendo mkali huiacha injini ingurume kwa dakika moja au mbili, kwani turbo hupozwa kwa mafuta na kwa maji hayahaya, na ukizima ghafla pampu za vyote viwili husimama wakati yenyewe bado inawaka moto.

Jerikeni imehamia kwenye mabanda ya kuku. Kwenye buti niliweka chupa mbili za mchanganyiko uleule. Moja sijaifungua. Ya pili nilimpa shemeji alipokuja Idi na gari lake jipya, akaniuliza kisima kiko upande gani.