Siku moja na geji mbili za presha, Mbeya

Saa 12 asubuhi. Baridi ya Julai hapa Mbeya, spana haishikiki. Mimi ni fundi wa maji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupima presha kwenye mabomba. Watu wakiniona nimechuchumaa penye koki hudhani nimekaa tu.

Saa 1 hadi saa 4 nilimaliza nyumba za bondeni. Salama.

Saa 4 na nusu nikapanda mtaa wa juu, upande wa mlima Loleza. Nyumba ya mwisho maji yanadondoka. Mzee mwenye nyumba hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mnatufungia huku ili wa chini waoge!"

"Tupime kwanza, mzee."

Nikafunga geji, nikatoa hewa, maana hewa ikibaki humo mshale hautulii. Bar 0.9; bar ndicho kipimo chetu cha presha. Mwenzangu kule chini, kwa simu, muda huohuo: 4.2.

"Umesikia? Wenzetu nne!"

Hapa ndipo tunapolaumiwa bure. Maji yakipanda mita 10 hupoteza karibu bar 1, hata bomba liwe jipya. Namba mbili hazitoshi mpaka ujue kimo. Nikatoa mpira wa maji, ule wa waashi wa kupimia usawa, tukapanda nao kipande kwa kipande, mzee kashika ncha moja, kila tukisimama ananilaumu upya. Jua la mchana, mlima, njaa. Mita 20. Kwa hiyo juu ilitakiwa kubaki bar 2.2. Kama bar 1.3 zimepotea njiani, na hizo hazikuchukuliwa na mlima.

Nikapima nyumba ya katikati, mita 10 juu: 3.1. Hadi hapo bomba ni zima. Tukafuata kipande cha juu taratibu, tukakuta majani mabichi kando ya mtaro wakati kote kumekauka. Tukachimba. Kiungio kimepasuka, maji yanatoroka chini kwa chini hadi mtaroni.

Tulipofukia jua lilishashuka, mgongo haunyooki. Geji ya juu: 2.1. Mzee akainama, akausoma mshale mwenyewe.

"Mbona si nne?"

Nikamweleza tena habari ya kimo, na safari hii alisikiliza. Akafikiri, akauliza: akiweka tangi juu ya mnara wa mita 3, bombani atapata ngapi?

"Kama 0.3, mzee."

"Basi nijenge mrefu zaidi."

"Jenga, mzee. Nitakuja kukupimia."