Bima ya nyumba ilivyokwama kwa sababu ya mbwa
Tuliponunua nyumba hapa Houston, fomu ya bima iliuliza kama tunafuga mbwa. Nikaandika ukweli: Rottweiler (aina ya mbwa wakubwa wa ulinzi), miaka 4. Kesho yake nikajibiwa kwamba akiuma mtu, hawalipi hata senti. Mke wangu akashauri tuandike "chotara". Nikakataa, uongo wa kwenye fomu huja kukuumbua siku ya kudai fidia.

Nikatafuta wakala asiyefungwa na kampuni moja. Swali lake lilikuwa moja tu: amewahi kuuma? Nikampelekea barua ya daktari wa mifugo, cheti cha tabia njema cha American Kennel Club (chama cha mbwa cha Marekani), na picha ya uzio wenye komeo. Kampuni nyingine ikakubali, dhima (fidia kwa mtu tutakayemsababishia madhara) hadi dola 300,000. Kabla ya kusaini nilisoma ukurasa wa yasiyolipwa mstari kwa mstari. Mbwa hakutajwa.