Nassau ya Nyuma ya Meli

Nyuma ya meli yetu, chini ya bendera, pameandikwa NASSAU kwa herufi kubwa. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilidhani huko ndiko kwao. Fundi mmoja wa injini akanicheka. Imejengwa Ulaya, wenyewe ni Wamarekani, sisi mabaharia tumeokotwa kila pembe ya dunia, na Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ni mahali ilipoandikishwa tu. Bahamas ilifungua daftari lake la meli mwaka 1976, na makampuni yakapiga foleni.

Lakini Nassau tunafika kweli, karibu kila wiki. Nikimaliza kusafisha vyumba vyangu vya abiria mapema hupata saa tatu za kushuka. Nampigia mke wangu Likoni, kisha nakaa na madereva wa teksi. Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva. Aliegesha miaka mingi nje ya hoteli moja ya Pwani ya Kusini. Nje, kwa maana ndani ya geti palikuwa pa magari ya wenye mikataba.

Nilipomsimulia hayo mzee mmoja pale gatini, akapiga usukani kwa kiganja. "Hiyo ndiyo 1957 yetu!"

Novemba mwaka huo uwanja mpya wa ndege, Windsor Field, ulianza kazi. Ulikuwa mbali na mji kuliko ule wa zamani, kwa hiyo nauli ilinenepa. Hapo hapo makampuni ya utalii na mahoteli yakataka abiria wapandishwe magari yao. Madereva, wakiongozwa na Clifford Darling, wakaziba barabara kwa teksi zao hadi uwanja ukasimama. Januari 1958 ugomvi ukazaa mgomo wa nchi nzima. Hoteli zikafungwa katikati ya msimu wa baridi, msimu wenyewe wa pesa, na Waingereza wakaleta askari. London ikamtuma waziri wake wa makoloni aje aone. Mwaka 1959 kila mwanamume mtu mzima akapata kura, wanawake wakafuata baadaye. Haya yote yalianzia kwenye nauli ya teksi. Babangu angefurahi kuyasikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku, simu ikiwa juu ya kifua. Serikali ya visiwa hivi ilianza kuwatafuta wageni zamani: mwaka 1851 ilipitisha sheria ya kuvutia meli za moshi kutoka New York. Hoteli ya Royal Victoria ikafunguliwa 1861, na bahati iliyoje, Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe! Vyumba vikajaa wafanyabiashara ya magendo waliokuwa wakipenyeza silaha na pamba kwenye vizuizi vya Kaskazini. Mwaka 1914 ikaundwa Halmashauri ya Maendeleo, kazi yake kuitangaza nchi.

Halafu akaja Stafford Sands, wakili, mmoja wa wale matajiri weupe wa Bay Street, mtaa wa biashara wa Nassau. Alipoishika halmashauri hiyo wageni walikuwa 32,018 kwa mwaka, hesabu ya 1949, na kiangazi hoteli zililala. Akamwaga pesa kwenye matangazo Marekani, akatafuta wageni wa mwaka mzima. Mlango wa Cuba ulipofungwa kwa Wamarekani, wake ulikuwa wazi. Mwaka 1968 walipita milioni 1, lakini yeye alishaondoka nchini: Lynden Pindling na chama chake waliingia madarakani 1967, na tume ya uchunguzi ikaanika ada nono alizokula kutoka kwa wenye kasino ya Freeport, mji mwingine wa Bahamas. Mwaka 2000 wakamtia kwenye noti ya dola 10. Mzee wangu wa teksi anasema noti hiyo aliipokea kwa shingo upande, lakini aliipokea. Mimi mwenyewe sijui nimpe heko au nimlaani.

Pindling hakuuvunja mpango wa Sands, aliuchukua. Mwaka 1974 serikali ikaunda shirika lake la hoteli na kununua majengo. Yakala hasara, na serikali ya Hubert Ingraham iliyoingia 1992 ikayauza. Mimi kilichonigusa zaidi ni mafunzo ya Bahamahost ya 1978. Madereva walirudishwa darasani kusomeshwa historia ya nchi yao ili wawasimulie wageni. Mzee wangu alikaa dawati hilo. Mtu huyu ameshusha wageni mlangoni mwa kasino za Paradise Island maisha yake yote, na sheria hairuhusu raia kucheza humo.

Mwaka 2024 Bahamas ilihesabu wageni zaidi ya milioni 11, kwenye nchi ya watu kama 400,000, na wengi waliletwa na meli kama yetu. Nilipomtajia hesabu hiyo mzee aliuliza, "Wangapi walipanda gari?"

Juzi mama mmoja wa chumba changu aliniuliza kama kuna haja ya kushuka, maana chakula cha mchana kiko melini na ameshakilipia. Nikamwelekeza kwa mzee, nikamwambia anajua historia yote. Alirudi baada ya dakika 40 na sumaku ya friji, imeandikwa NASSAU.