Chumba cha kulala cha rangi za giza: ukianza, malizia mpaka dari

Kila nikimwambia mtu kwamba chumba changu cha kulala ni bluu iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi, kuta zote, dari, mlango na hadi fremu ya dirisha, swali ni lile lile tu: sasa si kitaonekana kidogo? Shangazi yangu alichungulia mlangoni akauliza "mwanangu, umeme umekatika?" Jamani hapana, umeme upo, na chumba wala hakijapungua. Kinachobana chumba sio rangi yenyewe bana, ni ule mstari mweupe mnaouacha juu.

Nieleze. Ukipaka kuta rangi nzito halafu dari ukaiacha nyeupe pe, pale zinapokutana panatokea mstari mkali unaozunguka chumba kizima, jicho linaukamata mara moja na linajua kabisa ukuta umeishia hapa, dari imeanzia hapa, na dari yenyewe inakuwa kama mfuniko wa sufuria uliobanwa juu yako. Sasa chukua rangi ile ile uipandishe mpaka darini. Zile pembe zinapotea, hasa jioni, unalala chali unaangalia juu na huwezi kusema kwa uhakika dari iko mbali kiasi gani. Na ule ubao unaozunguka chini ya kuta nao uupake hivyo hivyo, mlango pia, la sivyo unaanza tena kuchora mistari.

Ndo maana mimi sio mpenzi wa ule mtindo wa ukuta mmoja tu nyuma ya kitanda. Najua wengi wanaanzia hapo kwa woga, yaani wanaonja kwanza, lakini wanaonja kitu tofauti kabisa na chakula chenyewe, maana rangi haikai peke yake, inabadilika kutokana na jirani yake. Kuna mkemia Mfaransa anaitwa Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kule Paris, wateja wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, akachunguza akakuta dawa ya rangi haina tatizo lolote, shida ni rangi zilizofumwa pembeni yake. Aliyachapisha hayo mwaka 1839 na mpaka leo watu wanaingia mtego ule ule vyumbani. Ukuta mmoja wa kijani kizito katikati ya kuta tatu nyeupe utaonekana mweusi kuliko ulivyo, na zile nyeupe zitakuwa kali zaidi, basi mtu anakata tamaa anasema rangi za giza hazinifai, kumbe hata hajaziona bado.

Hii inakuja mpaka kwenye kujaribu rangi. Usipake kile kiraka kidogo juu ya ukuta mweupe halafu ukasimama mbali unakitathmini, kitakudanganya tu. Tafuta kadibodi kubwa, ipake yote mpaka ukingoni bila kuacha pindo jeupe, mikono miwili, yaani uipake mara mbili, iache ikauke kabisa kwa sababu rangi nyingi za maji zikikauka zinakolea zaidi ya zilivyokuwa mbichi, halafu ihamishe: leo pembeni ya dirisha, kesho kona ambayo jua halifiki, usiku karibu na taa. Kadibodi ile ile utaiona kama tatu tofauti. Na ukipata katalogi ya rangi yenye namba ya LRV basi iangalie, inaanzia 0 mpaka 100 na inakwambia rangi inarudisha mwanga kiasi gani, nyeupe nyingi ziko juu ya 80, hizi zetu za giza nyingi ziko chini ya 10. Maana yake zaidi ya tisa ya kumi ya mwanga unaopiga ukutani unamezwa hapo hapo.

Na hapo ndo penye kazi yenyewe, mwanga. Mtu anatumia hela kwenye rangi nzuri halafu anaacha ile balbu moja katikati ya dari. Kwenye chumba cheupe balbu moja inatosha kwa sababu kuta zinarushiana mwanga, kwenye chumba cha giza hakuna wa kumrushia mwenzake, unabaki na duara la mwanga mkali katikati na kona zote zimekufa. Usiongeze nguvu ya balbu, ongeza idadi ya taa na uzishushe chini: moja kila upande wa kitanda, moja ya kusimama kwenye kona, labda moja ndogo juu ya kabati. Ziwe za mwanga wa njano, kwenye boksi utaona imeandikwa 2700K, sio zile 6500K nyeupe za kuumiza macho ambazo zinaifanya bluu iwe ya baridi na kahawia iwe ya ugonjwa. Ukiweza kuweka swichi ya kupunguza mwanga, weka, ila hakikisha balbu zako za LED zinakubali kupunguzwa maana sio zote, nyingine zinaanza kucheza cheza.

Kwenye kuchagua rangi yenyewe nina upendeleo na nina sababu. Damu ya mzee ni rangi nzuri sana mchana, ina joto, ina heshima, lakini mwanga ukififia kabisa jicho la binadamu linapoteza nyekundu mapema, bluu na kijani ndo zinabaki zinaonekana kwa muda mrefu zaidi. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, aliandika kuhusu hili mwaka 1825 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa taa nyingi jioni, damu ya mzee itakupendeza, ila kama ni mtu wa taa moja hafifu ujue usiku utakuwa na chumba cheusi tii, wakati mwenzio wa bluu au kijani cha msituni bado anaiona rangi yake. Nyeusi yenyewe kabisa mimi siitaki chumbani, haina cha kukupa pale mwanga unapobadilika, asubuhi nyeusi, jioni nyeusi. Kijivu cha mkaa kinachoegemea kahawia kidogo kina maisha zaidi.

Sasa upakaji. Rangi za giza zina tabia ya kuudhi, hazifuniki. Watu wanashangaa, si ni nzito? Sababu ni kwamba kinachofunika ukuta kwenye rangi za kawaida kwa kiasi kikubwa ni ule unga mweupe wa titani, na ili rangi iwe ya giza inabidi watengenezaji waanze na ndoo yenye unga huo kidogo sana au isiyokuwa nao kabisa, vinginevyo utapata bluu ya mtoto mchanga. Kwa hiyo mkono wa kwanza utaonekana kama uchafu, mabaka mabaka, usilie, na usimgombeze fundi. Mwambie aanze na prima, ile rangi ya chini inayotangulia, iwe ya kijivu, sio nyeupe, itakuokoa mkono mmoja mzima.

Piga hesabu kabla ya kununua. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7, kuzunguka ni mita 14, zidisha unapata kama mita za mraba 38, toa mlango na dirisha zinabaki 34 hivi, ongeza dari 12, ni 46. Lita moja inakula takriban mita 10 kwa mkono mmoja kama ukuta ni laini, kwa hiyo mikono miwili ni lita 9 na kidogo, mikono mitatu karibu 14. Nunua zote siku moja, na ukifika nyumbani zimimine kwenye ndoo moja kubwa uzikoroge pamoja, kwa sababu ndoo mbili za fomula moja zinaweza kupishana kidogo na kwenye rangi nzito ule mpishano unauona katikati ya ukuta kila siku ya maisha yako. Na fundi asipake pembe zote kwa brashi kwanza halafu akaenda kula ndo arudi na rola, zile pembe zitakuwa zimekauka na utaona fremu imezunguka ukuta. Ukuta mmoja, brashi na rola zifuatane zikiwa mbichi, umalizike.

Mati au yenye kung'aa? Mati, bila mjadala mrefu, kwa sababu rangi ya giza inayong'aa inaonyesha kila wimbi la plasta, kila mahali pasipopigwa msasa vizuri, na ukiwasha taa ya ukutani inayomulika pembeni ndo kabisa, kuta zinaonekana zina mabonde. Lakini mati nayo ina yake. Njoo karibu na swichi ya taa chumbani kwangu uangalie: kuna eneo la kiganja hivi limeanza kung'aa, sio uchafu, ukifuta ndo unazidisha, ni vidole vimesugua ule ukavu wa rangi mpaka umelainika. Na juu yake kidogo kuna mstari mwembamba wa kijivu, wa kucha, mtu alikuwa anaitafuta swichi gizani. Kwenye ukuta mweupe usingeyaona yote hayo. Dawa ni kununua mati ile inayooshika, ni ghali zaidi ila kwa chumba cha giza inajilipa, na kuhifadhi rangi kidogo kwenye chupa yenye mfuniko mzuri ya kugusia gusia. Vumbi pia ulizoee, juu ya ule ubao wa chini linaonekana siku hiyo hiyo.

Watu wananiuliza na joto. Rangi ya giza haitengenezi joto yenyewe, inameza mwanga ulioingia, kwa hiyo kama dirisha lako linapigwa na jua kali mchana kutwa na huna pazia, ukuta unaopigwa utapata moto kweli. Ukiwa na pazia zito la kufunga saa za jua, tofauti ni ndogo sana, la muhimu zaidi ni paa na kuta za nje zimepakwa nini. Cha kweli zaidi ni mbu: wanapenda kupumzika sehemu za giza mchana, na kwenye ukuta wangu simwoni mpaka apite mbele ya taa. Hilo silifichi.

Usingizi je? Sitakwambia bluu inaleta usingizi, ukuta hauna dawa. Kinachozuia homoni ya usingizi, melatonini, ni mwanga unaoingia machoni, hasa ule wa bluu, na kuta za giza kazi yake ni kwamba mwanga wa taa ya nje unaopenya pembeni ya pazia haurukiruki chumba kizima. Simu ukiishika usoni saa sita usiku ukuta hauwezi kukusaidia. Na asubuhi kuamka ni kugumu, nakubali, pazia lazima lifunguliwe mapema au utalala mpaka uchelewe.

Kilichobaki ni vitu vya ndani na hapa nitakuwa mfupi. Shuka nyeupe kabisa sizipendi humo, zinapiga kelele, krimu au rangi ya udongo inakaa vizuri zaidi. Changanya vitambaa, kimoja kizito cha mahameli, kingine cha lineni kilichokunjamana, kwa sababu kwenye giza rangi zinafanana na kinachobaki kutofautisha vitu ni jinsi kitambaa kinavyoshika mwanga. Mbao ya rangi ya asali na shaba kidogo kwenye vishikio vya droo vinatosha. Kioo kikubwa kiweke kitazamane na dirisha, ukikitazamisha na ukuta wa giza umejinunulia ukuta wa pili wa giza.

Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kabla hujapaka, na ujue kurudisha nyeupe kunataka prima ya kufunika kwanza halafu mikono miwili juu yake, sio mmoja kama wanavyokwambia. Na ile stika ya fomula iliyobandikwa kwenye mfuniko wa ndoo ipige picha kabla ndoo haijageuzwa ya kuchotea maji, maana rangi hizi huwezi kuzikisia kwa macho, na siku mtoto akipitisha baiskeli ukutani utaihitaji.