Swali la dhamira kuu
Jana jioni, hapa Ujiji, nilikuwa nikimsaidia mpwa wangu wa kidato cha nne kujibu swali la ufahamu lililomtaka ataje dhamira kuu ya mwandishi, katika kifungu kilichoeleza wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, taa zao za usiku na nyavu zenye matundu madogo. Alijibu haraka, "Uvuvi." Nilimwomba asome tena aya ya mwisho, ambamo mwandishi anasisitiza kwamba samaki wachanga wakiisha, watoto wa wavuvi ndio watakaolala njaa, hapo akaandika, "Kulinda ziwa kwa ajili ya kizazi kijacho." Zile taa, ingawa zimeelezwa kwa ufundi mkubwa, zilikuwa vielelezo vya hoja hiyo tu.