Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa hadithi fupi na gari lenye viti vya kuhesabu

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi, kalamu nyekundu na "Dry September" ya William Faulkner, iliyochapishwa Januari 1931 kwenye jarida la Scribner's. Ina sehemu tano tu, lakini huisoma upya kila inapofika zamu yake. Ukiiachia kumbukumbu utasimulia mauaji ambayo mwandishi hakuyaandika kabisa.

Saa 2. Kudurufu sehemu ya kwanza na ya tatu. Zilizobaki walishazisoma nyumbani, au ndivyo wanavyosema.

Saa 3, darasani. Mji ni Jefferson, wa kubuni, jimbo la Mississippi. Mvua haijanyesha siku 62. Uvumi umeenea kwamba Will Mayes, mtu mweusi, mlinzi wa usiku wa kiwanda cha barafu, amemfanyia kitu Minnie Cooper, mwanamke mweupe asiyeolewa. Kitu gani, hakuna ajuaye. Wachache wanasoma kwa sauti mazungumzo ya kinyozini. Wengine wanajaza jedwali la safu mbili, madai kushoto, ushahidi kulia. Safu ya kulia hubaki tupu. Kisha mtu mmoja anauliza kama kweli jambo lilitokea, na McLendon, askari wa zamani anayeongoza kundi, anamjibu kwamba hilo halina tofauti yoyote. Waambie wapige mstari hapo. Kuanzia mstari huo swali si tena "alifanya?" bali "uko upande gani?", na wanaume wanainuka mmoja mmoja, hawatazamani.

Tusi la rangi limejaa kurasa hizo. Halitamkwi: msomaji anagonga meza mara moja, anaendelea. Ukilifuta kwenye nakala umewasafisha wahusika. Likitamkwa, kipindi kizima kitaishia hapo.

Saa 5. Kinyozi Hawkshaw. Darasa linampenda, kwa kuwa ndiye pekee anayemtetea Mayes. Basi twende polepole sehemu ya tatu. Amepanda gari la wauaji wanaokwenda kumkamata Mayes, akisema atawazuia. Mayes, akiwa na pingu, anarusha mikono na kumpiga kinyozi mdomoni; kinyozi naye anampiga. Ni maneno machache mno na karibu kila mtu huyaruka. Ndani ya gari Mayes anamwita kinyozi kwa jina lake jingine, "Mr Henry". Hajibiwi. Kinyozi anasukuma mlango na kuruka, anajificha kwenye magugu mpaka magari yarudi. La McLendon lina watu wanne, na Butch, mmoja wa kundi, aliyekuwa amesimama kwenye ubao wa kukanyagia pembeni mwa gari, hayupo tena hapo. Ameingia ndani, kwa sababu nafasi imepatikana. Chora viti kwenye ubao wa darasa, kwenda na kurudi. Bila mchoro nusu ya darasa hawaoni kwamba mtu ameshauawa.

Saa 8 mchana, kusahihisha insha. Makosa ni yale yale. "Minnie alidanganya": hadithi haisemi hivyo, nionyeshe mstari. "Vumbi ni ishara ya uovu": sawa, lakini linafanya nini katika sentensi uliyoinukuu? Kosa baya zaidi ni kumfanya McLendon shetani. Faulkner amempa nishani ya vita alivyopigana Ufaransa na heshima ya mji; ukimgeuza zimwi, waliomfuata wote wamepata msamaha bila kuomba. Insha ya namna hiyo haivuki nusu ya alama, hata iwe na Kiingereza cha kupendeza.

Saa 11 jioni. Maandalizi ya kesho: "After You, My Dear Alphonse" ya Shirley Jackson, iliyomo kwenye mkusanyiko wake wa 1949. Hapa hakuna gari wala pingu, kuna meza ya chakula cha mchana. Mama mweupe anamkaribisha Boyd, rafiki mweusi wa mwanawe, na anajua tayari kwamba baba yake hubeba mizigo kiwandani. Kumbe ni msimamizi. Anampa nguo kuukuu. Mtoto anakataa kwa adabu, na mama anakasirika. Wanafunzi wataona ni ndogo mno baada ya Faulkner. Kazi yao: waweke alama ya x kila mahali mama huyo anapojibu swali ambalo bado hajamuuliza Boyd.